Umepigwa tochi Tanzania? Lipa kwa namba ya malipo, si kwa simu ya mtu

Umetoka Nairobi alfajiri na umevuka Namanga bila shida. Harusi iko Arusha saa nane mchana. Umeshapita Longido, lami ni safi na hakuna matatu ya kukuchomekea. Mbele kuna kijiji, na mwanzoni mwake kuna kibao cha 50 ambacho hukukiona kwa sababu ulikuwa ukipita lori. Baada ya mwendo mfupi, askari mwenye sare nyeupe anakupungia mkono usimame kando.

"Habari za safari, kaka?"

"Nzuri, afande."

"Naomba leseni yako. Umepita pale kijijini na 68, na pale ni 50."

Unataka kubisha kwamba yeye mwenyewe hana kifaa chochote cha kupima mwendo. Anakuonyesha simu yake. Kuna picha ya gari lako, namba zake zinasomeka, na kasi imeandikwa. Aliyekupima alikuwa nyuma kijijini na picha imetumwa mbele. Wenzetu wa huko wanaita kifaa hicho "tochi", na wewe umepigwa tochi.

Sasa una pesa kwenye simu, lakini ni shilingi za Kenya. Mfukoni una noti chache za Tanzania ulizobadilisha mpakani. Askari anasubiri, na harusi haisubiri. Hapa ndipo wengi wetu hufanya kosa la pili, ambalo huwa ghali kuliko la kwanza: kumtumia mtu pesa ili mambo yaishe haraka.

Katika somo hili tunaeleza jinsi ya kushughulikia faini ya trafiki ukiwa nchi nyingine. Tutaanza na Tanzania, ambako Wakenya wengi huenda kwa gari, kisha tuguse Uganda na magari ya kukodi ng'ambo. Ukisahau mengine yote, kumbuka hili moja: faini ya serikali ina namba yake na risiti yake. Pesa isiyokuwa na namba ya malipo haijalipa faini yoyote.

Kwa nini huko ni tofauti na kwetu

Kwetu Kenya tumezoea kwamba kesi ya trafiki ni mambo ya korti: unaandikiwa kosa, unatoa dhamana, unafika mbele ya hakimu. Tanzania, kwa makosa mengi ya kawaida ya barabarani, askari anaweza kukuandikia faini papo hapo. Kwa gari, faini hiyo imekuwa TSh 30,000 kwa kosa moja, kama KSh 1,500 hivi kulingana na bei ya kubadilisha siku hiyo. Makosa mawili yakiandikwa, ni TSh 60,000.

Lakini papo hapo haimaanishi mkononi mwa askari. Tangu 2017 Tanzania ina mfumo wa serikali wa kukusanya malipo kwa njia ya kielektroniki. Kila deni la serikali, iwe ni ada ya leseni, kodi au faini, hupewa namba yake ya kumbukumbu ya malipo. Watu wa huko watakuambia tu "kontrol namba". Kwa kawaida ina tarakimu 12 na huanza na 99. Namba hiyo ni ya deni lako peke yako. Ukiilipa, mfumo unajua ni gari gani, ni kosa gani, na kwamba deni limekwisha.

Ndiyo maana kumtumia mtu pesa hakukusaidii. Ukituma TSh 30,000 kwa namba ya simu ya mtu, serikali haijui lolote. Deni likiwa limeshaingizwa kwenye mfumo, litabaki pale pale. Utasimamishwa kilomita hamsini mbele, namba ya gari itaangaliwa, na utadaiwa upya.

Pale barabarani: mambo matano

1. *Simama, salimia, tulia.* Huko "naomba" ina uzito. Sisi tumezoea kusema "nipe" na "leta", na kwetu si matusi, lakini kwa Mtanzania inasikika kama amri. "Afande, naomba kuona picha" hufika mbali kuliko "Hebu nionyeshe hiyo kitu."

2. *Omba kuelezwa kosa.* Ni kosa gani, wapi, na saa ngapi. Kama ni mwendo kasi, omba kuona picha na usome namba ya gari wewe mwenyewe. Huenda si gari lako.

3. *Omba hati ya faini.* Inaweza kutoka kwenye mashine ya mkononi kama risiti, au ukapewa namba ya malipo tu. Hakikisha unaondoka na namba hiyo. Piga picha hati hiyo kwa simu yako, kwa sababu wino wa mashine hizi hufifia ukiiacha juani kwenye dashibodi.

4. *Soma kabla ya kukubali.* Angalia namba ya gari, jina la kosa, kiasi, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Tarakimu moja ikikosewa kwenye namba ya gari, utalipa deni la gari la mtu mwingine na lako libaki.

5. *Usitoe "kitu kidogo".* Hata kama wazo ni lako. Kutoa hongo ni kosa kwa anayetoa na kwa anayepokea, kwetu na kwao. Ukiombwa, jibu kwa upole: "Afande, naomba namba ya malipo nilipe serikalini." Ukiona mambo yamekuwa magumu, taasisi ya Tanzania ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, ina namba fupi ya simu: 113.

Nina laini ya Kenya. Nalipaje?

Mambo mawili hayafanyi kazi, nayo ndiyo watu hujaribu kwanza.

La kwanza: kuingiza kontrol namba kwenye Paybill. Paybill ni ya Kenya, na kontrol namba ni ya mfumo wa Tanzania. Ukibahatisha namba ya biashara na kuweka kontrol namba kama namba ya akaunti, pesa zako zinaweza kwenda kwa biashara ambayo haihusiki kabisa.

La pili: kutegemea kutoa pesa kwa wakala wa kule kwa laini yako ya Kenya. Hata kama duka lake lina jina na rangi unazozijua, akaunti yako iko Kenya na inahesabu shilingi za Kenya. Usiingie safarini ukidhani utatoa pesa popote utakapoona bango.

Njia zinazofanya kazi ni hizi:

*Wakala na pesa taslimu.* Hii ndiyo rahisi kwa msafiri. Nenda kwa wakala wa pesa za simu au wa benki, mpe kontrol namba na shilingi za Tanzania, naye akulipie kupitia sehemu ya malipo ya serikali. Kabla hajathibitisha, omba kuona skrini. Jina na kiasi kinachoonekana lazima vifanane na hati yako. Vikitofautiana, mwambie asimamishe. Baada ya kulipa, piga picha meseji ya uthibitisho kwenye simu yake au chukua risiti, kwa sababu meseji haitakuja kwenye laini yako.

*Laini ya Tanzania.* Kama unavuka mara kwa mara kwa biashara, sajili laini ya huko kwa pasipoti yako na ufungue akaunti ya pesa. Kwenye menyu chagua malipo ya serikali, weka kontrol namba, soma jina na kiasi, kisha weka namba ya siri. Meseji ya uthibitisho inabaki kwako.

*Ndugu au rafiki aliyeko Tanzania.* Mtumie picha ya hati, si namba uliyoikariri kichwani. Yeye alipe kwa kontrol namba, akutumie picha ya uthibitisho, kisha wewe umrudishie pesa kwa huduma ya kutuma nje ya nchi. Kama ni lazima umtumie kwanza, hakiki jina linaloonekana kabla ya kuweka PIN, na ongeza kidogo kwa ajili ya ada.

Umeona tofauti? Kumtumia pesa shangazi yako aliyeko Arusha ili alipe kontrol namba ni sawa, maana mwisho wa safari pesa inafika kwenye deni lako. Kumtumia mtu usiyemjua, ambaye mmeelekezana naye kando ya barabara, ni kubahatisha.

Kama tayari umetuma pesa pasipofaa, usingoje ufike nyumbani. Piga simu huduma kwa wateja hapo hapo ukiwa na namba ya muamala. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, kuna matumaini ya kuizuia. Ikishatolewa, kuirudisha ni vigumu sana. Na wakati ukifuatilia hilo, faini yenyewe bado inakudai. Ilipe kwa njia sahihi, usingoje marejesho.

Na kama sikukosea?

Faini ya papo kwa papo ni kwa anayekubali kosa. Ukilipa, umekubali. Asiyekubali ana haki ya kusema hapana na suala lipelekwe mahakamani. Kwa msafiri, hiyo inaweza kumaanisha kubaki siku kadhaa au kurudi tena, kwa hiyo pima. Kama picha ni ya gari lako na kibao cha 50 kipo, TSh 30,000 ni nafuu kuliko safari mbili za kurudi. Kama picha si ya gari lako, au umeandikiwa kosa ambalo hukufanya, usilipe kwanza ukitarajia kurudishiwa baadaye. Sema pale pale, kwa utulivu, na ukiona huelewani na askari, omba kupelekwa kituoni kwa mkubwa wake.

Nikivuka mpaka bila kulipa?

Wengine husema: "Mimi ni Mkenya, nikifika Namanga nimemaliza." Si hivyo. Deni linafuata namba ya gari, haliangalii uraia wako. Litaongezeka likipita muda wake, na gari hilo likirudi Tanzania, hata likiendeshwa na mtu mwingine, linaweza kuzuiwa hadi deni lilipwe. Fikiria umeazima gari la shemeji. Wewe umerudi kimya, na miezi mitatu baadaye yeye anasimamishwa Tanga akiwa na mzigo wa duka, anadaiwa asichokijua. Undugu unaingia doa kwa sababu ya pesa ambazo ungezilipa kwa dakika kumi.

Kabla ya kuvuka kurudi nyumbani, hakiki. Jeshi la Polisi la Tanzania lina tovuti ya kuangalia madeni ya faini za barabarani, tms.tpf.go.tz, ambako unaweza kutafuta kwa namba ya gari. Fanya hivyo mara mbili: baada ya kulipa, kuhakikisha deni limetoka, na kabla ya kufika mpakani, kuona kama hakuna jingine. Kama gari si lako, mtumie mwenye gari picha ya skrini. Ni adabu tu.

Ukivukia Busia au Malaba

Uganda nayo ina faini za papo kwa papo, na wazo ni lile lile. Unaandikiwa hati yenye kosa na kiasi, una siku 28 za kulipa, na asiyekubali kosa anaweza kuchagua kwenda kortini. Malipo hupitia mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, kwa namba maalumu ya malipo, benki au kwa pesa za simu za huko. Askari hapokei pesa mkononi.

Mnamo Juni 2025 Uganda ilianza kutoza faini za mwendo kasi kwa kamera, bila askari kukusimamisha. Wenye magari walilalamika sana, na mwezi huo huo serikali ikasitisha mfumo ili uangaliwe upya. Funzo kwetu ni kwamba taratibu hubadilika haraka. Faini uliyolipa mwaka juzi si mwongozo wa safari ya leo. Ukivuka, uliza utaratibu ulivyo sasa.

Gari la kukodi ng'ambo

Ukikodi gari Uingereza au Dubai, huenda usimamishwe na mtu yeyote. Kamera inasoma namba ya gari, taarifa inaenda kwa kampuni ya kukodisha, na kampuni inafanya moja kati ya mambo mawili: inatoa jina na anwani yako ili udaiwe wewe, au inalipa na kukata kwenye kadi yako, pamoja na ada yake ya usumbufu. Wiki kadhaa baadaye uko Kisumu na unaona makato usiyoyaelewa.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba wa kukodi, soma sehemu ya faini na ada hiyo. Acha barua pepe unayoifungua kila siku. Ukiona makato, usikimbilie kuyapinga benki. Kwanza omba nakala ya taarifa ya faini na linganisha tarehe, saa na namba ya gari. Na usichelewe. Kwa mfano, faini nyingi za maegesho zinazotolewa na halmashauri za Uingereza hupungua kwa nusu ukilipa ndani ya siku 14. Kukaa kimya kunakugharimu mara mbili.

Jihadhari na meseji ya "una faini"

Matapeli nao wanajua watu huogopa polisi. Meseji inaingia: una faini ya gari haijalipwa, bonyeza hapa ulipe leo la sivyo utashtakiwa. Ukibonyeza, unaombwa namba ya kadi au PIN. Zingatia haya:

- Faini ya kweli inataja gari lako, kosa, mahali na tarehe. Ya uongo inataja hofu tu.
- Usifungue kiungo kilichomo kwenye meseji. Andika anwani ya tovuti mwenyewe. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, za Uganda .go.ug, na za Kenya .go.ke.
- Hakuna askari, wakala wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako. Hata kidogo.
- Ukiambiwa utume pesa kwa namba ya simu ili "kufunga kesi", kata simu.

Kabla hujawasha gari

Faini nzuri ni ile ambayo haikuandikwa. Jioni kabla ya safari, pitia orodha hii:

- Leseni yako halisi, pamoja na kitabu cha gari. Kama gari si lako, beba barua ya mwenye gari.
- Bima inayotambulika ukivuka. Kadi ya njano ya COMESA inakubalika Tanzania na Uganda.
- Kibali cha muda cha gari unachopewa mpakani. Angalia tarehe ya kuisha, usikipitishe.
- Kizimamoto na vibao vya pembetatu vya kuashiria gari limeharibika.
- Shilingi za Tanzania taslimu za kutosha faini mbili. Usipozitumia, utakula nazo chipsi mayai.
- Simu yenye chaji na nafasi ya picha.

Na ukiwa barabarani Tanzania, chukulia kila kijiji ni 50 tangu unapoona kibao chake hadi utakapoona kibao cha kumaliza 50, kile kilichochorwa mistari juu ya namba. Usianze kukanyaga mafuta kwa sababu nyumba zimeisha. Tochi hupenda kukaa hapo katikati, baada ya nyumba ya mwisho na kabla ya kibao. Kwenye zebra, mtu akisimama kando, nawe simama.

Turudi kwa msafiri wetu wa Longido. Ameomba namba ya malipo, amepiga picha hati, amefika kwa wakala wa kwanza na kulipa TSh 30,000 kwa noti alizobadilisha Namanga. Amesoma jina kwenye skrini kabla ya kukubali. Amechelewa nusu saa. Harusini amekuta bado watu wanangoja bibi harusi. Kesho yake akirudi, akisimamishwa, ana picha ya uthibitisho mkononi na hana la kujieleza zaidi ya salamu.

Safari njema, na polepole kwenye 50.